Mekapu ya bibi harusi Kigoma inaachia kabla ya kufika ukumbini: kosa ni la mikono yetu, la ngozi au la hewa ya ziwa?

MpambajiMwanga

Habari zenu wanajukwaa. Nina miaka sita katika kazi ya kupamba maharusi hapa Kigoma, na kuna jambo moja ambalo sijalipatia jibu la kuniridhisha. Natumia faundesheni ile ile, poda ile ile na mikono hii hii, lakini bibi harusi niliyempamba Kasulu hurudi nyumbani usiku uso ukiwa karibu kama nilivyouacha, ilhali yule wa Mwanga au Kibirizi, hapa hapa mjini, hutoka kanisani pembeni mwa pua pameshaachia na juu ya mdomo pamebaki mabaka.

Siku ya harusi zetu ni ndefu, nanyi mnaijua. Naanza kumpamba saa kumi na moja alfajiri na kumaliza saa mbili asubuhi, ibada ni saa nne, picha za ufukweni ni saa tisa jua likiwa bado kali, ukumbini anaingia saa moja jioni, na hatoki huko kabla ya saa sita usiku. Huo ni uso unaotakiwa kukaa saa kumi na sita.

Dai langu ni kwamba tunapaka nyingi mno, kwa kudhani kuwa unene ndio udumifu. Tangu nilipoanza kupaka tabaka mbili nyembamba sana, nikiisubiri ya kwanza ikauke ndipo niguse ya pili, nimeona nafuu, ingawa tatizo halijaisha. Naomba wenye uzoefu mnisahihishe. Sitafuti uso wa kushangaza watu mlangoni tu. Natafuta uso ambao binti yake ataukuta kwenye albamu baada ya miaka ishirini na kumtambua mama yake.

BintiUnyanyembe

Dada Mwanga, nakuunga mkono kuhusu tabaka nyembamba, lakini nikiwa Tabora naona upande wa pili wa jambo hilo hilo. Huku kwetu mekapu haiyeyuki, inapasuka. Mwezi wa tisa na wa kumi, kabla ya mvua, joto hupita nyuzi 30 na hewa ni kavu, kwa hiyo jasho hukauka mara tu linapotoka, ngozi inavutika, na kufikia saa nane mchana mistari ya kicheko pembeni mwa mdomo imeshajichora ndani ya poda kama nyufa za udongo.

Nadhani hapo ndipo penye jibu lako. Kigoma mko kando ya ziwa, takriban mita 775 kutoka usawa wa bahari, na hewa ina unyevu. Jasho likitoka halina pa kwenda, hivyo linakaa juu ya mekapu na kuiinua. Kasulu ni juu zaidi na kuna ubaridi, kwa hiyo bibi harusi wako wa Kasulu hakutoa jasho la kutosha kuijaribu kazi yako. Usiisifu mikono yako kwa Kasulu, wala usiilaumu kwa Kibirizi.

Mfamasia_Isevya

Naomba nipinge kidogo maelezo ya hewa, si kwa sababu ni ya uongo, bali kwa sababu yanatufanya tuache kusoma vibandiko vya chupa zetu.

Faundesheni nyingi za kudumu hutengenezwa kwa silikoni. Mkisoma orodha ya viambato mtaona majina yanayoishia na "cone" au "siloxane" yakiwa miongoni mwa matano ya mwanzo. Nyingine ni za maji, na silikoni haimo kabisa au iko mbali sana chini. Ukipaka praima (ile ya kuandaa ngozi kabla ya faundesheni) ya silikoni kisha ukaweka juu yake faundesheni ya maji tupu, mara nyingi hazishikani vizuri. Ile ya juu inateleza, na ukiisugua kwa sponji inajikunja vipande vidogo kama vumbi la kifutio. Hali hiyo hutokea Kigoma, Tabora na kwingineko, na mpambaji hudhani ni jasho.

Jambo la pili ni muda. Faundesheni nyingi za kudumu hubebwa na kimiminika chepesi kinachoruka hewani, mara nyingi isododekani, na kikisharuka kinabaki kitu kama utando mwembamba uliogandamana na ngozi. Utando huo ukishakaa, kuugusa tena kwa brashi ni kuuvunja. Dada Mwanga, huenda tabaka zako mbili zinasaidia kwa sababu umeanza kusubiri, wala si kwa sababu ya wembamba wenyewe.

MpambajiMwanga

Ahsante sana Mfamasia. Nimekwenda kuangalia mkoba wangu sasa hivi. Praima ninayoitumia ina daimethikoni, yaani silikoni, mwanzoni, na faundesheni moja kati ya tatu nilizo nazo ni ya maji. Hiyo moja ndiyo niliyoitumia kwa bibi harusi wa Kibirizi mwezi uliopita. Lakini yule wa Mwanga nilimpaka silikoni juu ya silikoni, na bado pua iliachia. Kwa hiyo maelezo yako yananijibu nusu.

BibiWaUjiji

Wanangu, mimi nimewasinga maharusi hapa Ujiji tangu kabla wengi wenu hamjazaliwa, na naona mnazungumza juu ya uso kana kwamba uso unaanza asubuhi ile ya harusi.

Mwali anapofundwa na somo wake, anasingwa siku kadhaa kwa liwa (unga wa msandali), manjano na maji ya waridi, na wengine huongeza mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu. Zamani ilikuwa hivyo mpaka usiku wa kuamkia harusi, kwa sababu asubuhi alipakwa wanja, poda kidogo na rangi ya mdomo, basi, na ile ngozi iliyosingwa ndiyo iliyong'aa. Sasa mnakuja na tabaka zenu juu ya ngozi iliyolala na mafuta usiku kucha. Itashikaje? Nawaambia wenzangu wa siku hizi kwamba singo ya uso ikome siku mbili kabla, na ile ya mwili iendelee. Wakubwa wengine hawataki kusikia, wanasema ni kuvunja mila. Mila haikuwekewa faundesheni.

Halafu liwa ni ya kusugua kwa upole. Ukiisugua kwa nguvu usiku, asubuhi ngozi ni nyekundu na inauma, na kila utakachopaka kitawasha.

MpambajiMwanga

Shikamoo Bibi. Sikuwahi kuuliza alisingwa lini. Nauliza tu kama ana mzio. Yule wa Mwanga alitoka kwenye singo alfajiri ile ile, maana nakumbuka harufu ya karafuu nilipokuwa nikimfunga kitambaa cha kichwani. Nitaanza kuuliza.

KakaGungu

Mimi si mpambaji, ila nilioa mwaka jana na dada zangu wanne wameolewa, kwa hiyo nimekaa sana kwenye viti vya kusubiri. Kwa nini hamtaji mawese? Sisi watu wa Kigoma tunakula mawese tangu utotoni, na mafuta hayo lazima yatokee usoni. Mke wangu ni mtu wa Dodoma, naye mekapu yake ilidumu siku nzima.

Mfamasia_Isevya

Kaka Gungu, mawese yaachwe yapumzike. Mafuta ya usoni hayatoki kwenye sahani na kupanda hadi kwenye pua. Yanatengenezwa na tezi zilizo ndani ya ngozi, na zinazoziendesha zaidi ni homoni pamoja na urithi. Ndiyo maana kijana anayebalehe hung'aa uso kuliko babu yake anayekula chungu kile kile. Kuhusu mkeo wa Dodoma, hongera, lakini ngozi moja haitoshi kuhukumia mkoa mzima.

Hata hivyo umetukumbusha jambo la maana. Mafuta na jasho ni vitu viwili, na dawa zake ni mbili. Poda hufyonza mafuta, lakini jasho jingi huigeuza kuwa uji. Utando wa sprei ya kushikilia mekapu huzuia maji kwa kiasi, lakini mafuta yanayotoka chini yake hupenya na kuulegeza. Mpambaji asiyejua bibi harusi wake anasumbuliwa na lipi kati ya hayo mawili atamwongezea poda mtu anayetoa jasho, na kufikia mchana atakuwa amemtengenezea mabaka kwa mkono wake mwenyewe.

BiHarusi_Katubuka

Naomba niseme kama niliyepambwa, maana tangu mwanzo mnaongea wapambaji.

Niliolewa mwaka juzi. Mekapu yangu haikuharibiwa na jua wala na jasho, iliharibiwa na upendo. Baba alipotoa nasaha nililia, na mashangazi watatu, kila mmoja kwa leso yake, walinifuta machozi kwa kuvuta kutoka kwenye jicho kwenda sikioni. Baada ya leso ya tatu, upande wa kushoto haukuwa na kitu. Wanja uliozuia maji ulibaki, kope zilibaki, lakini shavu lilikwenda na kitambaa.

Mpambaji wangu angempa mtu mmoja tu, labda wifi au msimamizi, tishu laini na kumfundisha kugandamiza badala ya kufuta, ningekuwa na picha za ukumbini ninazozipenda. Sasa ninazo za kanisani tu.

MpambajiMwanga

Pole sana dada. Hili naliandika kwenye daftari langu leo. Huwa namwachia msimamizi mkoba wenye rangi ya mdomo na poda, lakini sijawahi kumkalisha na kumwonyesha namna ya kugusa.

BintiUnyanyembe

Kugandamiza ni jambo ambalo ningelisisitiza hata kwa waliobobea. Kwanza unaondoa mafuta au jasho kwa tishu iliyotenganishwa ikabaki ukurasa mmoja, ndipo unarudishia poda kidogo kwa kubonyeza. Wengi hurudishia poda juu ya uso ulioloa, wakidhani wanakausha.

Niongeze la midomo, kwa kuwa Tabora tuna nta ya nyuki nami naitumia. Usiku uliotangulia bibi harusi apake nta iliyochanganywa na asali kidogo, ili magamba ya midomo yalainike. Asubuhi ifutwe yote, kabisa, kabla ya rangi. Aliyeacha mabaki ya nta ataona rangi ya mdomo inahamia kwenye meno na kwenye glasi.

MpigapichaUfukweni

Mimi huona kazi zenu kupitia kioo cha kamera, na naomba niwape habari ambayo huenda si njema. Mara nyingi uso ninaoambiwa umechuja haujachuja. Umegeuka kijivu au mweupe kwa sababu ya mwanga.

Poda nyeupe zenye silika nyingi, na krimu za kukinga jua zenye oksidi ya zinki au titani dioksidi, hurudisha mwanga wa flashi moja kwa moja kwenye lenzi. Mchana hamwoni kitu. Usiku ukumbini napiga flashi, na bibi harusi mwenye ngozi ya maji ya kunde anatokea na duara jeupe chini ya macho kama aliyemwagiwa unga. Kabla hamjamtoa nyumbani, zimeni taa, mpigeni picha kwa simu yenye flashi katika chumba chenye giza. Dakika moja inatosha, nami nitawashukuru.

Kuhusu albamu ya miaka ishirini aliyoitaja mleta uzi, ninazo picha za maharusi nilizozipiga tangu 2009, na kinachozeesha picha kuliko kitu chochote ni nyusi. Nyusi zilizonyolewa kwa wembe na kuchorwa upya kwa mstari mmoja mweusi hukutajia mwaka wake papo hapo. Walioachwa na nyusi zao, zikajazwa tu palipo na pengo, hadi leo huwezi kusema waliolewa lini.

DadaKasulu

Nimesoma kuanzia juu na naona Kasulu inatajwa kama mahali ambapo kila kitu hudumu. Si kweli jamani. Huku kwetu vumbi la kiangazi linaganda kwenye uso ulioachwa ukiwa na unyevu, na bibi harusi anafika ukumbini amebadilika rangi.

Lakini nataka kuuliza swali jingine. Ni nani aliyesema kwamba uso mmoja lazima ukae saa kumi na sita? Mimi hulipwa kwa kazi mbili na huwaambia wateja mapema. Saa kumi na moja jioni, kati ya picha na ukumbi, namkalisha bibi harusi dakika arobaini. Macho siyagusi. Nasafisha pua, paji la uso, kidevu na juu ya mdomo kwa pamba yenye kisafishio kisicho na mafuta, nafuta unyevu, kisha nayajenga upya maeneo hayo tu kwa tabaka nyembamba. Uso unaingia ukumbini ukiwa na saa moja, si saa kumi. Kutafuta udumifu wa siku nzima ndiko kunakotufanya tuwapake watu kama tunapiga lipu.

MpambajiMwanga

Dada Kasulu, hoja yako inanivutia na inanisumbua. Wateja wangu wengi hawana uwezo wa kulipia kazi mbili, na wengine baada ya picha hupitia kwa wazee Ujiji, hivyo hakuna hizo dakika arobaini. Huyo naye anastahili uso utakaokaa.

BibiWaUjiji

Na kuna la udhu, ambalo hamjalitaja hata mmoja. Mwali wa Kiislamu akipakwa alfajiri vitu visivyopitisha maji, Adhuhuri inapofika afanyeje? Maji lazima yafike kwenye ngozi. Nimewaona mabinti wakilia kwa sababu wanachagua kati ya sala na uso uliolipiwa pesa nyingi. Mpambaji mwenye akili hupanga na familia: ndoa ikifungwa baada ya Alasiri, mwali asali Adhuhuri, anawe, ndipo aketi kupambwa, na amalize mapema ili Alasiri aisali kwa udhu ule ule. Uso huo utahitajika saa nane tu, si kumi na sita, na hautawashinda.

BiHarusi_Katubuka

Ahsante Bibi. Dada yangu anaolewa baada ya Ramadhani, na ratiba hiyo nimemtumia mama usiku huu.

MuuzaVipodozi_Tabora

Kwa upande wa duka, naona watu wanasahau rangi yenyewe. Faundesheni nyingi hubadilika baada ya saa moja au mbili kwa kuchanganyika na mafuta ya ngozi, na huwa nyeusi zaidi au nyekundu zaidi. Mteja akichagua kwa kupaka nyuma ya kiganja na kuondoka, amechagua rangi ya dakika ile. Apake taya, azunguke sokoni, arudi baada ya saa moja.

Zamani hatukuwa na uchaguzi. Kabla ya Fenty Beauty kuanza mwaka 2017 na rangi 40, hakuna kampuni iliyokuwa imemfikiria mwanamke mweusi, na ndiyo maana maharusi wa miaka ile walikuwa kama wamepakwa majivu.

MpigapichaUfukweni

Ndugu yangu, kuhusu mwaka na idadi uko sahihi, lakini si kweli kwamba hakuna aliyetangulia. Fashion Fair ilianza Marekani mwaka 1973 kwa ajili ya wanawake weusi, na Iman, mwanamitindo mzaliwa wa Somalia, alianzisha kampuni yake ya vipodozi mwaka 1994. Tatizo la kwetu lilikuwa kwamba vitu hivyo havikufika madukani, ila poda nyepesi za rangi ya biskuti zilifika.

MuuzaVipodozi_Tabora

Nimekubali masahihisho.

Mfamasia_Isevya

Kabla uzi haujaenda mbali, mambo mawili ya usalama.

La kwanza ni sprei. Si kila chupa iliyoandikwa kuwa ya kumalizia mekapu inashikilia kitu. Nyingine ni maji ya waridi na glisarini, ambayo huvuta unyevu. Tabora inapendeza, lakini kwenye hewa ya Kigoma inaweza kuuacha uso ukinata. Inayoshikilia huwa na viambato vya kutengeneza utando, na mara nyingi pia spiriti. Na tafadhali, sprei ya nywele si ya usoni. Imetokea hapa mjini bibi harusi akapuliziwa hiyo, akafika ibadani macho yamevimba.

La pili ni krimu za kung'arisha. Miezi mitatu kabla ya harusi watu huanza kujipaka vitu vyenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi, ambavyo vimekatazwa katika vipodozi nchini. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Ngozi inakuwa nyembamba, inawasha, inachubuka, na faundesheni inashika kwenye magamba na kuacha palipo laini. Naamini nusu ya kesi mnazoziita za hewa ni hizi.

BintiUnyanyembe

Nusu ni nyingi, Mfamasia. Nimepamba maharusi wengi wasiogusa krimu hizo, na Oktoba bado walipasuka.

DadaKasulu

Na piko je? Mteja wangu mmoja alichorwa mikono kwa piko iliyochanganywa na rangi ya nywele, akapata malengelenge siku mbili kabla ya harusi. Tangu hapo kila kipya, hata gundi ya kope, najaribu nyuma ya sikio na kusubiri siku mbili. Gundi nyingi zina mpira wa asili, na jicho likivimba hakuna tabaka jembamba litakalolificha.

MpambajiMwanga

Nimesoma yote mara mbili. Sasa nina hewa, silikoni, kusubiri, singo, leso za mashangazi na krimu, na kila moja inaeleza bibi harusi mmoja wangu bila kumweleza mwingine. Sitaki kujaribu juu ya bibi harusi wa mtu. Jumamosi wifi yangu amekubali kukaa Kibirizi siku nzima. Hatasingwa. Shavu la kulia nitaweka tabaka mbili nyembamba na kusubiri dakika tano kati yake. La kushoto nitaweka kiasi kile kile kwa mara moja. Praima na faundesheni zote zitakuwa za silikoni.

Mfamasia_Isevya

Vizuri, ila la kushoto nalo lisubiriwe dakika zile zile kabla ya poda. Vinginevyo hutajua kama kilichosaidia ni wembamba au ni subira.

BintiUnyanyembe

Nami nitafanya hivyo hivyo hapa Tabora Jumamosi hiyo hiyo, kwa mdogo wangu. Niandikie majina ya ulivyotumia ili vifanane.

MpigapichaUfukweni

Mimi nitakuja Kibirizi na kamera. Nitapiga saa mbili asubuhi, saa tisa na saa sita usiku, kila shavu kwa taa ile ile na umbali ule ule. Mwambie wifi asilale upande.

BibiWaUjiji

Na asifutwe na mtu.